Uji wa Watu wa Mto

Imbaba, Kairo
9 Novemba 2008

Shangazi yangu Nabra,

Nakuamkia kwa adabu zote ulizonifundisha, na mkono wako naubusu kutoka huku mbali. Sisi wazima. Mume wangu Wahbi amepandishwa cheo pale kiwanda cha uchapaji na sasa hata akilala anakoroma kama bosi. Baba alipiga simu kutoka Aleksandria, anasema mguu umepoa. Mdomo, unamjua mdogo wako, haupoi. Mama mkwe wangu anakusalimu, na bado anawasimulia wageni jinsi ulivyomkatalia samaki wake siku ya harusi yetu.

Nakuandikia kwa sababu simu umeipiga marufuku kwa mambo ya maana. Unasema wewe ni mtoto wa meli ya posta, ulikua ukiona kijiji kizima kikiingoja barua ukingoni, na neno lisilosafiri halina uzito. Basi hili nalisafirisha. Nimempa Saleh wa basi, pamoja na kifurushi cha Alhamisi zenu pale ukumbi wa wanawake. Kuna diski moja, kitabu kimoja na boksi la biskuti. Diski ni ile filamu ya hekalu lililokatwa vipande na kupandishwa juu kabla maji ya bwawa hayajafika. Kitabu ni cha mhandisi aliyefanya kazi kwenye bwawa lenyewe. Vyote viwili nimevisifu mwezi huu kwenye safu yangu ya “Soma Hiki, Tazama Hiki” katika jarida la chama chetu cha Wanubia. Usicheke. Ina wasomaji.

Sasa jambo lenyewe. Nina mimba. Daktari anasema nitajifungua mwezi wa tano, Mungu akipenda.

Mama hayupo, na wewe ndiye uliyenilea mimi na ukamlea baba kabla yangu. Siku ya saba nataka mwanangu apelekwe mtoni kama tunavyopelekwa sisi, na uji wake, na maneno yake. Mto uko hapa hapa, nikitoka mlangoni nausikia. Mwenye maneno ndiye hayuko. Mama mkwe ni mtu wa Shubra, mwema, lakini kwao siku ya saba mtoto anawekwa kwenye chekecheke, anatikiswa, na mtu anagonga kinu cha shaba karibu na sikio lake akimwamuru amtii bibi yake. Ninaomba uje.

Mtoto wako,
Samiha


Sagalta Mpya, Kom Ombo
1 Desemba 2008

Samiha, mboni yangu,

Wa alaikumu salaam, wewe na bosi wako anayekoroma. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza, magoti yananong’onezana nikiinuka. Hamida jirani amepaka nyumba yake rangi ya samawati kali, ng’ombe wanaogopa kupita. Saleh amefika salama, ila boksi la biskuti lilikuwa jepesi. Anasema ni makorongo ya barabarani. Makorongo yana meno, hayo.

Habari yako niliisoma nimesimama jikoni. Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka Hamida akaja mbio na ndoo ya maji akidhani naungua. Kula tende, usibebe ndoo, usibishane na mama mkwe kabla ya saa sita mchana.

Filamu yako tuliitazama Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Ukumbi ulijaa, wengine wakakalia magunia. Nakwambia ukweli, ni filamu nzuri. Misumeno ile! Yule mfalme wa jiwe anakatwa uso, anafungwa vitambaa, anainuliwa polepole kama yai, na msimulizi sauti inamtetemeka. Dunia nzima ilichanga. Basi Bibi Dahiba, ambaye meno yamekwisha lakini ulimi ameachiwa wote, akauliza: “Na huyu naye alihamishwa na mbuzi wake?” Watu wakavunjika mbavu. Mimi nilihamishwa na gunia la masufuria mapajani, Samiha, na hakuna aliyenizungushia kitambaa. Kwenye jarida umeandika kwamba ni filamu ya kufikirisha. Ongeza kwamba kuna mahali inatazamwa na watu waliokuwa nyuma ya kamera wakipita na magodoro.

Kitabu cha mhandisi nimefika ukurasa wa arobaini na bado anapima kokoto. Hamida amekiazima kuzuia mlango, anasema hajawahi kupata kitabu kizito kiasi hiki. Andika hivyo kwenye safu yako.

Kuhusu mwezi wa tano, ni mbali bado. Mbuzi wangu mweupe naye amepata mimba, na hesabu yake inaelekea huko huko. Siwezi kumwachia Hamida, atampaka samawati.

Akupendaye,
Shangazi Nabra


Imbaba, Kairo
4 Januari 2009

Shangazi yangu, mkulima, mhakiki na mkunga wa mbuzi,

Salamu zikufikie. Baridi ya huku imeingia kwenye kuta, Wahbi analala na kofia. Mtoto ameanza kucheza, hasa ninapokula vitunguu. Baba anasema atakuwa na kichwa kikubwa kama chake, na anasema kwa majivuno, kana kwamba kuna tuzo.

Nimesoma kuhusu mbuzi. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Aliyekwisha kupata mimba Novemba hawezi kuzaa Mei hata akijizuia. Ulijibu filamu, ulijibu kitabu, ulijibu hata rangi ya nyumba ya Hamida, na ombi langu ukalipiga chenga kwa mbuzi.

Tuseme wazi basi. Ukoo mzima unajua kwamba umenuniana na mto. Miaka arobaini na mitano hujautia machoni. Ulipokuja harusini kwangu kwa treni ulikaa upande wa jangwa kutoka Kom Ombo mpaka Kairo, na abiria wa upande wa pili alipofungua pazia lake ukamwomba alifunge, eti mwanga. Shingo ikakukaa upande siku tatu. Tulipokwenda kupiga picha ukingoni, ulibaki kwenye gari ukisema unalinda viatu. Viatu gani, Shangazi? Tulikuwa tumevivaa! Na samaki wa mama mkwe alikosa nini zaidi ya kuzaliwa mle? Wahbi ameanza kuuita mto “mtalaka wa Shangazi.” Nilimkataza, lakini nilicheka kwanza.

Kwa hiyo nimekutumia filamu nyingine. Inaufuata mto kutoka kwenye maziwa makubwa huko kusini kabisa, ambako watu wanafua nguo na kuimba, mpaka unapoingia baharini. Ni nzuri ajabu. Na kitabu safari hii ni chembamba, kimeandikwa na mwanamke wa kwetu, amekusanya simulizi za akina mama kuhusu nchi ya kale. Hakiwezi kuzuia mlango hata wa kabati.

Tazama, kisha nijibu.

Samiha


Sagalta Mpya
6 Februari 2009

Samiha,

Salamu ni zako, na za mumeo mwenye ulimi mrefu. Mwambie mtalaka ni mtu uliyemwacha kwa hiari. Hapa tumeanza kuchuma bamia za kukausha, nitakutumia. Bibi Dahiba aliugua kifua, tukamwandalia uji wa mwisho, akaunywa wote na kuomba sukari.

Filamu ya mto tumeitazama. Wenzangu walishangaa maziwa yale na ile mvua ya huko. Mimi nilikaa nyuma nikichambua dengu, na dengu zilikuwa na mawe mengi, sikupata nafasi ya kuinua kichwa. Usijitie hamnazo, binti yangu. Mara ya kwanza ulituma posa, mara ya pili ukatuma mshenga. Kila unachokipendekeza kina maji ndani yake.

Kitabu chembamba nilikisoma usiku mmoja, na nilikasirika kwa sababu ni cha kweli.

Umesema tuseme wazi. Sawa. Nilikuwa na miaka kumi. Nyumba yetu ilitazama mto, kama nyumba zote, maana kwetu mlango uliofungukia kwingine ulikuwa ni dirisha tu. Mto ndio uliotuletea unga, barua, wageni, baba zetu kutoka mijini. Tuliuamini. Kisha ukapanda ukafunika mitende, nyumba na makaburi, bibi yangu na bibi yake wamo mle chini mpaka leo. Tukaletwa hapa kwenye nyumba za serikali zilizopangwa kama sanduku za sabuni, mto haukuonekana, na kiangazi cha kwanza watoto wachanga na wazee wakaanza kuondoka. Mama yangu aliondoka mwezi wa saba. Alikuwa anamnyonyesha baba yako. Alinipa Khairi mikononi, nikawa mama nikiwa na kimo cha meza. Sina hata picha yake moja. Sura yake imeanza kunitoka, nakumbuka pete za masikioni na harufu ya hina, basi.

Kwa hiyo sitauendea nikaupa uji. Watu wa mto, wale wa chini ya maji tuliowalisha miaka yote ili watulinde, walikuwa wapi siku ile?

Huku watoto tunawapeleka mfereji wa umwagiliaji, Dahiba anasema maneno yake na hakuna aliyekufa. Huko kwenu fungua bomba la jikoni, mwaga uji, utafika tu. Na chekecheke si kitu kibaya.

Usikasirike. Nakupenda kupita kiasi, na hilo unalijua.

Shangazi Nabra


Imbaba
1 Machi 2009

Shangazi,

Nakuamkia. Sisi wazima. Bamia zimefika, asante.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na nimelia, kisha nikajikasirikia kwa mizaha yangu. Nilijua kwamba bibi Saliha alifariki mwaka ule. Sikujua kwamba huna hata picha yake.

Mama mkwe amenunua chekecheke. Ameipamba kwa utepe wa waridi na shanga za fedha. Ni nzuri.

Mwezi huu sina cha kupendekeza.

Samiha


Sagalta Mpya
20 Machi 2009

Binti yangu,

Hujambo? Miguu imevimba? Unalala? Barua yako ilikuwa fupi mpaka Saleh aliona haya kunikabidhi, na safari hii hakula biskuti, maana hapakuwa na biskuti.

Nimekutumia mkate mkavu wa abre wa kuloweka, siagi ya Hamida, na kofia ya mtoto. Nimeifuma kubwa kwa kumfikiria babu yake.

Unasema huna cha kupendekeza. Miaka mitatu hujakosa cha kupendekeza. Hata ulipokuwa na homa ulinipendekezea filamu ya ukoma. Alhamisi wanawake walikuja ukumbini, wakakaa, wakanitazama mimi. Tukawasha televisheni, kulikuwa na mieleka. Bibi Dahiba aliipenda kupita zote ulizowahi kutuma, anataka kujua kama yule mwenye kaptula nyekundu ameoa. Unaona unakotupeleka?

Hata mwenzio akikukatalia jambo moja, humnyimi yote. Tuma kitu. Chochote. Hata kama kina maji.

Mbuzi alizaa mapacha juma lililopita. Nakwambia mwenyewe kabla hujapiga hesabu.

Shangazi yako


Imbaba
8 Aprili 2009

Shangazi mpendwa,

Salamu kutoka kwangu na kwa huyu anayenipiga mateke ya mieleka; mwambie Bibi Dahiba amepata mchumba mwingine. Miguu imevimba kweli. Kofia Wahbi ameijaribu, inamtosha.

Nina kitu kimoja. Nilikipata kwenye maktaba ya chuo fulani, katika mabaki ya kundi la watafiti waliozunguka vijiji vyetu na kamera mwaka mmoja kabla ya maji. Kilikuwa kimeandikwa tu “Sagalta, wanawake, ukingoni.” Mkutubi alininakilia kwenye diski. Ni kifupi, hakina rangi wala sauti, na hakuna msimulizi wa kutetemeka.

Sitakiandikia maelezo kwenye jarida, wala kwako. Simjui mtu hata mmoja mle ndani. Nimeona tu mlango wenye sahani tatu za kaure zilizojengewa juu yake, na ya katikati ina ufa, kama ulivyokuwa ukinisimulia nilipokuwa mdogo. Pengine nimekosea. Sahani zilikuwa kila mlango.

Kina maji ndani yake, nakutahadharisha. Mara hii si mshenga. Ukitaka kuchambua dengu, chambua.

Samiha wako


Sagalta Mpya
24 Aprili 2009

Samiha, roho yangu,

Salamu nitazileta mwishoni, niwie radhi, nikianza nazo nitasahau nilichokaa kukuandikia.

Niliileta diski ukumbini Alhamisi bila kuitazama kwanza. Niliwaambia wenzangu haina sauti, Dahiba akasema afadhali. Nilikuwa na dengu zangu. Hamida akawasha.

Kwanza ukaja ukingo na mitende. Wanawake wakaanza kutaja majina, huyu fulani, yule mama fulani, kama watu waliofika harusini. Kisha ukaja mlango wetu. Sahani yenye ufa niliijua kabla ya kitu kingine chochote, maana ule ufa niliutia mimi kwa jiwe. Na mlangoni akatoka mwanamke mrefu mwenye pete za masikioni, amebeba mtoto kwenye nguo nyeupe, anatembea huku akigeuka kusema na mtu nyuma yake.

Samiha, alikuwa anatembea. Nilisahau kwamba alikuwa akitembea na bega moja mbele. Baba yako anatembea hivyo hivyo, na mimi miaka yote nilikuwa nikimgombeza ajinyooshe.

Dengu zilimwagika. Dahiba alisema, “Saliha! Huyo Saliha!” na mtoto alipofunuliwa uso ukumbi mzima ukapiga kelele, “Khairi!” kwa sababu ya kichwa. Mwambie kwamba ametambuliwa na wanawake thelathini kwa kichwa.

Ilikuwa siku yake ya saba. Mama aliingia majini mpaka vifundoni na midomo yake ikaanza kwenda. Sauti hakuna. Lakini nani kati yetu hakujua anasema nini? Dahiba akaanza, wakafuata wote, wanamsemea yeye: “Watu wa mto, huyu ni wenu na sisi ni wenu. Mkimwona amepotea, mrudisheni nyumbani.” Midomo yake na sauti zao zilikwenda pamoja.

Sasa sikiliza. Nyuma yake kulikuwa na msichana mwembamba mwenye misuko minne, amebeba bakuli la uji. Uji wenyewe ni ule mzito wa ngano na siagi na tende, wa watu wa mto, ambao hauguswi na binadamu mpaka wao wapewe. Mama anasema maneno, na yule msichana nyuma yake anachovya kidole. Analamba. Anatazama kushoto. Anachovya tena. Halafu vidole viwili. Mama anageuka kuchukua bakuli, anatazama ndani, anamtazama msichana. Filamu inaishia hapo hapo, kwenye uso wa mama.

Hamida akarudisha nyuma, tukatazama tena. Nikasema, “Huyo ni binti wa jirani.” Dahiba akasema, “Jirani yupi? Mimi ndiye niliyekuwa jirani!” Halafu akainuka, yeye ambaye hainuki bila watu wawili, akanielekezea fimbo: “Kumbe ni wewe! Miaka yote hii umenuna kwamba watu wa mto hawakutulinda, na chakula chao umekula wewe! Kijiji kizima tumehamishwa kwa ajili ya tumbo la Nabra!”

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Mimi nilicheka nao, nikacheka mpaka ikawa kilio, na hawakunibembeleza, walikaa tu karibu nami wakiendelea kucheka na kujifuta macho. Sasa nikipita njiani watoto wananiuliza kama nimeshiba. Mwenye duka amekataa kuniuzia tende bila shahidi.

Nimeitazama kila siku tangu hapo. Nataka kukuambia kwamba ninautazama ule mwendo wake tu. Lakini nautazama pia uso wake wa mwishoni. Siku za kwanza nilidhani alikuwa ameanza kukasirika. Jana niliona kwamba alikuwa anakaribia kucheka.

Haya, salamu. Sote wazima, mapacha wa mbuzi wanaruka ukuta. Mweleze mama mkwe kwamba chekecheke iwekwe asubuhi, maana mchana watu wana shughuli. Unga wa ngano wa Kairo siuamini, nitakuja na wangu.

Shangazi Nabra


Sagalta Mpya
5 Juni 2009

Samiha binti wa Khairi, mama wa Saliha,

Nimefika salama. Salamu kwa mama mkwe, mwambie samaki wake alikuwa na chumvi zaidi kidogo, ila nimemla mpaka mgongo. Salamu kwa Wahbi, na kwa kile kichwa kidogo kikubwa ninachokikumbuka kila ninapoona tikiti.

Unasema unataka kuandika kwenye jarida habari za siku ile, na unaniomba ruhusa. Andika, lakini usiandike unavyopenda wewe, andika ilivyokuwa. Andika kwamba tulishuka ngazi za ukingoni wanawake wanne na chekecheke, kwa sababu mama mkwe alikataa kuiacha nyumbani. Andika kwamba askari alikuja kutuuliza tunatupa nini mtoni, nikamwambia uji, akauliza uji wa nani, na mama mkwe wako akamjibu, “Wa wenyewe, pisha!” Pale nilimpenda. Andika kwamba bakuli lilikuwa kubwa kuliko desturi, maana nilibeba wa mtoto na wa kidole changu, na kwamba sikulamba hata kijiko, ingawa siagi ilikuwa ile ya Hamida.

Ulikuwa umesimama mbali ukimbeba mtoto, hukusikia nilichosema mwanzoni. Niliugombeza mto. Nilianza na makaburi, nikaja kwenye mitende, nikaja kwa mama. Niliusema vilivyo. Nao ulikuwa unapita tu, mchafu, na chupa za plastiki, mzee kuliko nilivyouacha. Nilipomaliza sikuwa na lingine, ndipo nikakuita.

Kisha nikasema maneno, na unajua nilipokwama. Ulidhani nimeyasahau. Sikuyasahau. Nilifika kwenye “mkimwona amepotea, mrudisheni nyumbani,” na ndipo nikafikiri: nyumbani kwetu kuko huko huko chini waliko wao. Mlango, sahani yenye ufa, bibi yangu, vyote wanavyo wao. Miaka yote nimewauliza walikuwa wapi, kumbe wamebaki na nyumba. Basi nikaongeza neno ambalo mama hakulisema. Nikawaambia, “Fagieni mlango.” Hilo likumbuke, utakapompeleka wa pili utalisema wewe.

Dahiba na wenzake wanakuomba filamu ya Alhamisi ijayo. Nimewaambia kwanza tutaitazama ile ya mto tena, ile ya maziwa makubwa, kwa sababu mara ya kwanza kuna mtu alikuwa na dengu.

Na mwambie mumeo aache kusema kwamba tumepatana. Hatujapatana. Tumesalimiana tu. Treni ya kurudi ilikuwa tupu, ningeweza kukaa popote. Nilikaa upande wa mto, pazia wazi, na jua la upande ule ni kali kweli, limenichoma shavu lote la kushoto.

Shangazi yako,
Nabra